Nyanya Zako Hazijarogwa, Msee: Ni Mchanga Umezipimia Kidogo

Hebu toka kwa balkoni yako dakika moja ucheki huo mkebe. Ndio, ule wa rangi wa lita nne uliotoboa chini ukapanda nyanya, ama sukuma, juu uliona watu wakijibamba na shamba zao za keja ukasema hata wewe huwezi achwa. Majani ya chini yamegeuka manjano. Ya juu ni madogo hadi unashangaa kama ulipanda dania kimakosa. Maua yakitokea yanaanguka. Na kila jioni ukitoka job unapata mmea umelala kando kama mlevi wa end month.

Ushabadilisha mbegu. Ushanunua mbolea. Labda ushaanza kuangalia jirani wa mlango wa pili kwa jicho fulani.

Wacha jirani. Nimepitia hio movie yote, na nilikula hasara kabla nijue mwizi ni nani.

Nilitoka chuo second year, karo ilikataa tu, na nikajipata bedsita Kayole nikilipwa kwa kila stori naandika. Wakati huo nyanya ilikuwa imepanda hadi mama mboga alikuwa anakuuzia moja moja, mbao kila moja, na anakuangalia usiguse mbili. Nikapiga hesabu: juu ya fleti kuna nafasi, caretaker ni mtu wangu, si nipande zangu? Nikaokota chupa za soda za lita mbili, nikakata shingo, nikajaza mchanga, nikatia miche tisa. Wiki tatu za kwanza nilikuwa naringa. Nilikuwa nawatumia mabeste picha.

Halafu zikagoma. Si kufa, kugoma. Zilisimama kimo cha goti na hazikutaka kusonga. Nikaenda agrovet, jamaa akaniuzia mbolea. Nikarudi, akaniuzia dawa ya kupulizia majani. Nikarudi tena, akaniuzia kitu ya kushikilia maua yasianguke. Kufika mwisho nilikuwa nimetoa karibu punch mbili, yaani ngiri nzima, na nilivuna nyanya kumi na moja size ya gololi. Ukigawanya, kila gololi ilinigharimu kama soo. Hio doh ilikuwa ya mtu ambaye alikuwa anaruka lunch, so usicheke sana.

Kilichonifungua macho ni shosho. Alikuwa ametoka Murang'a kuja kliniki, akalala kwangu, asubuhi akapanda juu kuanika leso yake. Akasimama mbele ya zile chupa zangu. Akashika moja, akaigonga chini mara mbili, akavuta mmea wote ukatoka na mchanga wake kama keki inavyotoka kwa sufuria. Ila mchanga haukuonekana. Ilikuwa mizizi tupu, nyeupe, imejizungusha na kujizungusha kama tambi kwa pakiti. Akaniuliza, "Baba, hii umeipanda ama umeihifadhi?"

So hii stori ni ya hio swali. Na nikisema mchanga namaanisha udongo, vile sisi wote tunaongea mtaani. Mwalimu wa Kiswahili akisoma, anisamehe. Ule mwingine nitauita mchanga wa mjengo.

MMEA HAULI MCHANGA

Kitu ya kwanza ya kushangaza: mmea haukuli mchanga wako. Karibu hauugusi kabisa.

Kulikuwa na msee anaitwa Jan Baptist van Helmont, wa pande za Ubelgiji ya leo, miaka ya 1600 huko. Alichukua mchanga mkavu wa pauni 200, kama kilo 90, akaweka kwa chombo, akapanda mti mdogo wa pauni 5. Akaunyunyizia maji miaka 5. Hakuongeza kitu ingine. Mwisho akapima: mti ulikuwa umefika pauni 169. Mchanga? Ulikuwa umepungua aunsi 2 tu, uzito wa vijiko vichache vya sukari. Majibu yake yalichapishwa 1648, wakati tayari alikuwa amekufa.

Yeye aliamini mti wote umetoka kwa maji. Alikosea nusu. Baadaye watu walikuja kujua kuwa sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutoka hewani, ile hewa ya ukaa tunayopumua nje, ikiunganishwa na maji kwa nguvu ya jua. Zile aunsi 2 zilizopotea ndizo zina story ya madini, na madini ni kidogo lakini bila hizo mmea hauendi mahali.

Sasa lazima unauliza: kama mmea hauli mchanga, mbona mchanga kidogo uniharibie nyanya? Hapo ndo mimi pia nilikwama. Jibu ni kwamba mchanga si chakula. Mchanga ni tangi ya maji. Ni kabati ya chakula. Na ni nyumba, ile ya kupumua ndani. Ukipunguza mchanga umepunguza hizo zote tatu kwa mpigo moja, na ya kwanza kukuumiza ni tangi.

HESABU YA TANGI

Hii ndo part nataka uisome polepole, juu ndio inaokoa doh.

Mchanga mzuri, uliochanganywa na mboji, ukiumwagilia hadi maji yachuruzike chini kisha yaache, unabaki umeshika maji. Lakini si yote mmea unaweza kuvuta. Ile ya kuvutika ni kama sehemu moja kwa tano ama moja kwa sita ya ukubwa wa mchanga wenyewe. So mtungi wa lita 20 uliojaa mchanga unakupa maji ya kutumika lita 3 hadi 4. Chupa yangu ya lita 2 ilikuwa inashika kama kikombe kimoja na kidogo.

Nyanya kubwa yenye matunda, siku ya jua kali, inaweza kunywa lita 2 kwa siku. Hata zaidi.

Umeona shida? Mmea wa mtungi unaamka asubuhi na akiba ya siku nzima na ingine ya kesho. Mmea wa chupa unaamka na kikombe. Saa nne asubuhi kimeisha. Kuanzia hapo mmea unafunga vile vinyweleo vya majani ili usikauke, na ukivifunga hewa ya ukaa haiingii, na hewa ya ukaa ndio ujenzi. So ule mmea unafanya kazi kutoka saa moja hadi saa nne, halafu unakaa tu hadi jioni ukikungoja uje na kopo. Ungetaka uuweke sawa ungelazimika kumwagilia mara tano au sita kwa siku. Nani yuko nyumbani mara sita kwa siku? Hata mimi ninayeandikia kwa keja siwezi.

Sasa ongeza hali yetu. Nairobi maji ni ya mgao. Kuna ploti mfereji unatoa siku mbili kwa wiki, na zikipotea kabisa mtu wa mkokoteni anakuuzia mtungi kwa chwani bila aibu. Kwa mji kama huu, mtu mwenye mchanga kidogo ndiye anahitaji maji kila saa, na mwenye mchanga mwingi anaweza kungoja hadi kesho mgao urudi. Mimi nilikuwa nadhani chombo kidogo ndo cha msee hana kitu. Ni kinyume.

KABATI NALO

Ukimwagilia chombo kidogo mara nyingi, maji yanapita na kutoka chini, na yanatoka na chakula. Nitrojeni, ile inafanya majani ya sukuma yawe kijani na mapana, inayeyuka na kwenda na maji haraka sana. Ndio maana majani ya chini yanageuka manjano kwanza: mmea unaikosa kwa mchanga, so unaitoa kwa majani mazee na kuipeleka juu kwa machanga. Unajikula.

Basi si utaongeza mbolea? Ndivyo nilifanya. Shida ni kuwa mbolea za dukani ni chumvi. Kijiko kimoja cha CAN kwa mtungi wa lita 20 kinapata mahali pa kusambaa. Kijiko hicho hicho kwa lita 2 kina nguvu mara kumi, na chumvi ikizidi mizizi haiwezi vuta maji hata yakiwa hapo. Kingo za majani zinachomeka, unafikiri ni ugonjwa, unarudi agrovet. Jamaa wa agrovet hana makosa sana, anauza kile anauza. Lakini hakuna siku aliniuliza nimepanda kwa chombo gani.

Joto nalo usilisahau. Juu ya fleti, saa nane mchana, chupa ya lita mbili inapata moto hadi katikati. Mtungi mkubwa unapata moto pembeni tu, katikati kunabaki baridi kiasi. Mizizi ya chupa yangu haikuwa na pa kukimbilia. Ilikuwa imebanana kwa ukuta wa plastiki, mahali pa moto kuliko pote.

WAJERUMANI WALIPIMA

Hii si maneno ya shosho tu. Mwaka wa 2012 mtafiti Hendrik Poorter na wenzake, kutoka kituo cha utafiti cha Jülich huko Ujerumani, walikusanya majaribio 65 yaliyofanywa na watu tofauti kwa mimea tofauti, wakayaweka pamoja. Swali lilikuwa moja: ukiongeza ukubwa wa chombo mara mbili, mmea unaongezeka kiasi gani? Jibu la wastani: asilimia 43.

Walienda mbele wakapitisha vyombo vya mimea kwa mashine ya MRI, ile ya hospitali, waone mizizi ikiwa ndani bila kuing'oa. Mizizi ilikuwa inakimbilia ukingoni mapema tu. Na kitu kilichowashtua wengi ni kwamba hata ukijaribu kutosheleza maji na chakula, mmea uliobanwa bado unapunguza spidi. Ni kama mizizi ikigonga ukuta, habari inafika juu na majani yanapunguza kazi. Mmea unajipima na chumba uliopewa.

Hata wale Wajapani wa bonsai wanajua hii kitambo sana. Mti wa bonsai si mbegu spesheli ya kibeti. Ni mti wa kawaida, uliowekwa kwa kisahani na kukatwa mizizi na matawi kila mara, miaka na miaka. Wewe na mimi tulikuwa tunafanya bonsai ya nyanya bila kukusudia.

Sasa rudi kwa hio 43, juu ina siri. Ukiongeza mchanga mara mbili, hupati mmea mara mbili. Unapata mmoja na karibu nusu. Kutoka lita 2 hadi lita 16 umeongeza mara mbili, mara tatu mfululizo, yaani mchanga mara nane, na mmea unakuwa kama mara tatu tu. Kwa hivyo ukiwa na mchanga wa lita 40, mitungi miwili ya lita 20 kila moja na nyanya yake itakupa jumla kubwa kuliko pipa moja la lita 40 lenye nyanya moja. Lakini usiende na hio logic hadi mwisho ukaishia na chupa ishirini za lita mbili kama mimi, juu utakufa ukimwagilia. Kuna katikati.

KATIKATI NI WAPI?

Hapa naongea kutoka kwa mitungi yangu na ya wasee nimeuliza, usichukue kama sheria ya bunge.

Nyanya: mtungi wa lita 20, mmea mmoja. Mmoja! Najua utaangalia hio nafasi yote na miche miwili itakuita. Kataa. Hoho na pilipili zinaweza kuvumilia lita 10. Sukuma ukitaka majani ya maana, yale ya kukunja mkono mmoja na kukatakata, ipe lita 8 au 10 kwa shina. Spinachi na terere ni wapole zaidi. Dania na vitunguu vya majani hazina maneno, hata karai lililotoboka lenye kina cha shibri moja linazitosha, juu unazivuna zikiwa changa kabla mizizi ianze kulalamika. Karoti inataka kina, si upana. Ukiipa mkebe mfupi itakunja miguu kama mtu amekalia kiti cha nyuma cha matatu.

Na kina ni story kivyake. Chukua sifongo ya kuosha vyombo. Iloweshe kabisa, ilaze flati kwa mkono, ngoja iache kudondoka. Sasa isimamishe kwa upande mrefu. Itadondoka tena! Sifongo ni ile ile, maji ni yale yale. Chini ya kila chombo kuna tabaka ya mchanga ambayo inabaki imejaa maji bila hewa, na unene wake ni karibu ule ule chombo kiwe kirefu ama kifupi. Kwa chombo kirefu hio tabaka ni sehemu ndogo. Kwa beseni fupi inaweza kuwa karibu nusu, na mizizi huko inakosa pumzi na kuoza. So unaweza kuwa na mchanga wa lita 10 lakini mmea unatumia wa lita 6.

Ndio maana pia ile mbinu ya kuweka mawe chini "maji yapite vizuri" haisaidii. Maji hayaruki kutoka kwa mchanga laini kuingia kwa nafasi kubwa za mawe hadi mchanga wa juu ushibe kabisa. Unachofanya ni kuinua ile tabaka ya tope juu na kujiibia lita tatu nne za mchanga. Toboa mashimo ya kutosha, weka kipande cha neti ama kitambaa mchanga usitoke, na ujaze mchanga hadi chini.

Kitu ingine: kabla hujahama na mche wako mdogo wa wiki mbili moja kwa moja hadi mtungi, uulee kwanza kwa kikombe cha yoghurt. Mchanga mwingi na mizizi michache unabaki na unyevu muda mrefu, na mche mdogo unaoza shingo. Mizizi ikianza kuchungulia kwa mashimo, hamisha. Ukipata imeshaanza kuzunguka kama tambi zangu, ivunjevunje kidogo na vidole usiogope.

"MBONA GUNIA LINAWEZA?"

Najua mtu wa Kibera ama Mathare ameshaanza kunijibu. Kwa sababu mmeona gunia. Gunia moja, sukuma thelathini zimetoka kwa ubavu kila upande kama nywele, na watu wanakula. Hio kitu ilishika sana Kibera mwaka wa 2008, baada ya vita vya uchaguzi, wakati shirika la Wafaransa la Solidarités lilikuwa linasaidia familia kupanda mboga mbele ya mlango, juu chakula kilikuwa kimepotea na bei haishikiki.

Piga hesabu ya gunia. Lile la mahindi la kilo 90 likijazwa linabeba mchanga zaidi ya lita 100. Gawanya kwa sukuma thelathini, kila moja imepata lita 3 na kitu. Kwa kanuni zangu hapo juu hizo sukuma zinafaa kuwa zimegoma, sindio?

Tofauti ni kuwa hazina ukuta kati yao. Tangi ni moja. Shina likiwa upande wa kivuli linatumia kidogo, la upande wa jua linavuta zaidi, na usiku maji yanasambaa tena. Katikati kuna nguzo ya mawe kutoka juu hadi chini, na hapa mawe yana kazi ya kweli: ni bomba la kupeleka maji hadi tumboni mwa gunia, si kifuniko cha chini. Na sukuma unachuma majani kila mara, so mmea haufiki ukubwa wake wote. Ukitia nyanya thelathini kwa hilo gunia utalia.

Kila shina la gunia ni dogo kuliko lingekuwa shambani, hio ni ukweli, na bila kuongeza mbolea ya ng'ombe ama mboji linachoka mapema. Lakini familia haili shina moja, inakula jumla. Ukitaka maoni yangu, kwa mtu ana mraba mmoja wa nafasi na watu wanne wa kulisha, gunia linashinda mitungi yangu mbali.

Sasa usikimbie kuliweka balkoni.

UZITO, NA HAPA SICHEZI

Mchanga ukiwa na maji, lita moja inakaribia kilo moja na nusu, ingine inafika mbili. Mtungi wako wa lita 20 uliojaa ni kilo 30 na zaidi. Mitungi kumi ni kama wanaume wanne hadi watano wamesimama hapo mchana na usiku, miezi sita, bila kutoka. Gunia moja tu linaweza kupita kilo 150.

Hii ni Nairobi. Fleti ya Huruma ilianguka 2016 ikaua watu kama hamsini, na hakuna aliyekuwa amepanda sukuma juu yake. Hujui aliyejenga yako aliweka chuma ngapi. So ukitaka mchanga mwingi, na stori yangu yote ni kukuambia uutake, uweke chini kama una chini. Kama huna, weka mitungi michache, karibu na ukuta ama juu ya nguzo, si kwa ukingo wa balkoni, na kamwe usiipange yote kona moja. Ongea na landlord kabla, si baada. Caretaker wangu alikuwa beste, lakini nilipotaka mitungi kumi na miwili alinikatalia, na saa hii namshukuru. Aliniruhusu minne.

Kuna njia ya kupunguza uzito bila kupunguza nafasi ya mizizi. Changanya mboji nyingi, pumba za mchele zilizooza, ama maganda ya kahawa kama una mtu Kiambu. Mchanga mwekundu peke yake ukimwagiliwa kwa chombo unashikana kama tofali, na ule mweusi wa pande za Embakasi na Syokimau ukikauka unapasuka na kuacha ukuta, maji yanapita kando mmea usione hata tone. Mimi huchanganya mwekundu mbili, mboji mbili, mchanga wa mjengo moja. Kwa kipimo cha karai, si mizani.

Na mchanga usiuokote popote juu ni wa bure. Mwaka wa 2007 shirika la UNEP lilitoa utafiti kuhusu Dandora, na risasi, ile madini ya sumu, ilipatikana kwa mchanga wa karibu na dampo na kwa damu ya watoto wa hapo. Mchanga wa kando ya dampo, ya karakana ya magari ama ya jua kali wanakochoma betri, uache hapo hapo hata ukiwa mweusi na mtamu namna gani. Mboga za majani zinabeba hizo vitu hadi kwa sahani.

Sasa cheki kitu moja kwa mtungi wako kabla ulale leo. Mchanga ulioujaza hadi juu miezi minne iliyopita haujakaa pale. Mboji inaoza na kuisha, maji yanaushindilia, na level inashuka polepole bila kukuambia. Unafikiri una lita 20, kumbe umebaki na 15, na mmea umeanza kupunguza majani na wewe umeshaanza kuuliza bei ya mbolea. Wangu ulikuwa umeshuka vidole vinne. Nikaongeza karai moja la mboji Jumamosi, nikamwagilia, na nikampigia shosho simu kumuuliza kama nikate matawi ya chini ya nyanya ama niache. Aliniambia niache.